Besi Tanga: mwongozo kamili wa gitaa, amplifaya na mitambo ya jukwaani, kuanzia uzi hadi spika

Mpiga besi wa Tanga ana maadui watatu kabla hajagusa wimbo wenyewe: chumvi ya baharini, umeme usiotabirika, na mitambo ya kukodi ambayo mara nyingi imepangwa kwa ajili ya maiki na kinanda tu. Mwongozo huu unafuata njia inayopitwa na sauti, kutoka kwenye uzi hadi kwa watu waliokaa nyuma kabisa. Nimeupanga hivyo kwa sababu tatizo la besi hutibiwa pale linapoanzia. Uzi uliokufa haufufuliwi na amplifaya ya wati 500, na mkoromo unaotoka kwenye ethi mbovu (waya wa usalama unaoelekea ardhini) hauishi kwa kupunguza kitufe cha besi kwenye miksa.

Mji huu unastahili besi safi. Miaka ya 1960 bendi za dansi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa na makao hapa, na Black Star Musical Club, kisha Lucky Star, zikaingiza magitaa ya umeme na gitaa la besi katika taarab, wakati vikundi vikubwa vya Unguja vilikuwa na lile besi kubwa la mbao linalopigwa limesimamishwa. Aliyekulia Ngamiani anajua kwamba besi ya taarab ndiyo inayowanyanyua watu vitini kwenda kutunza. Ikikoroma au ikipotea, waimbaji wanaimba hewani.

Hatua ya kwanza: gitaa lenyewe

Magitaa mengi ya besi utakayokutana nayo madukani yanafuata umbo la Precision, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1951, au Jazz Bass ya mwaka 1960, zote za Fender. Precision, tangu mwaka 1957, ina pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) moja iliyogawanyika, sauti yake nene na ya moja kwa moja. Jazz ina pikapu mbili, na ukizifungua zote sawasawa sauti inakuwa na uwazi unaopita katikati ya magitaa ya solo na ridhimu. Kwa bendi yenye magitaa matatu mimi humshauri mtu achukue umbo la Jazz. Kwa taarab ya kinanda na gitaa moja, Precision inatosha na ni rahisi kuitawala.

Swali la nyuzi nne au tano lisikusumbue sana. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, yaani E, unatetemeka karibu mara 41 kwa sekunde. Uzi wa B wa besi ya tano unashuka hadi 31. Spika nyingi za kukodi hapa mjini haziwezi kutoa 31 kwa nguvu yoyote ya maana, kwa hiyo noti hiyo utaihisi kwenye vidole vyako na hadhira haitaipata. Besi ya tano nunua kama nyimbo zenu ziko kwenye funguo zinazoihitaji.

Unaponunua ya mtumba, Kariakoo au kwa mwanamuziki mwenzako, fanya haya kabla ya kutoa hela. Shika gitaa kama unayelenga shabaha, angalia shingo kutoka kichwani kuelekea kwenye mwili. Inatakiwa ipinde kidogo sana kuelekea kwenye nyuzi, na isiwe imejikunja upande. Kisha bana uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vya kukata shingo) ya kwanza na freti ya mwisho kwa wakati mmoja, uangalie nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Kadi ngumu ya mwaliko wa harusi ipite hapo kwa shida. Hiyo ni kama milimita 0.3. Ikipita kadi tatu, shingo imeinama. Isipopita hata karatasi, imepinda kinyumenyume na utasikia nyuzi zikigonga freti.

Kuinama si ugonjwa wa kukimbiwa, mradi fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo bado inazunguka. Chukua ufunguo wa L unaoingia sawasawa, legeza nyuzi kidogo, zungusha robo tu: kulia kukaza na kupunguza nafasi, kushoto kulegeza. Tuni tena, subiri hadi kesho yake, pima upya. Fimbo isiyozunguka usiilazimishe. Gitaa hilo mwachie mwenye nalo.

Tanga shingo inatembea. Masika ya Machi hadi Mei mbao hunywa unyevu, na joto la kaskazi linaibadilisha tena. Kwa hiyo kipimo cha kadi kifanye kila msimu unapogeuka, hata kama gitaa linaonekana zima.

Ukishanyoosha shingo, hakikisha noti ziko sahihi juu. Piga uzi wazi, tuni. Halafu ubane kwenye freti ya 12, usome kifaa cha kutunia. Noti ya 12 ikiwa juu ya inavyotakiwa, rudisha nyuma kitandiko cha uzi huo, yaani kile kipande cha daraja kinachoubeba. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya kazi hii na nyuzi mpya, kwa sababu uzi wa zamani haukai kwenye noti yake hata ukiusogeza vipi.

Hatua ya pili: chumvi

Hapa ndipo hela nyingi za wapiga besi wa pwani zinapopotelea. Ukikaa Raskazone au popote upepo wa bahari unapofika, chumvi inatua kwenye kila chuma cha gitaa. Jasho la mikono linaongezea. Uzi unapata kutu katikati ya misokoto yake, mahali usipopaona, na sauti inafifia kabla hujaona doa lolote.

Tiba ni tabia. Kitambaa kikavu cha pamba kikae ndani ya begi, na kila ukimaliza kupiga pitisha chini na juu ya kila uzi, ukibana kwa vidole kutoka daraja hadi kichwani. Osha mikono kabla ya kupiga, hasa kama umetoka kula mihogo ya kukaanga au samaki. Vile vipakiti vya chembe za kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe. Weka vichache kwenye begi. Gitaa lisiegemee ukuta wa upande wa bahari, wala lisilale ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Seti ya nyuzi za besi ni ghali, na wengi wetu hatubadilishi mara kwa mara. Nyuzi zilizofifia unaweza kuzirudishia uhai kwa muda: zivue, zikunje duara, zitumbukize kwenye spiriti ndani ya chombo kinachofunga, ziache usiku kucha, zifute na uzianike hadi zikauke kabisa. Wengine huzichemsha kwenye maji. Inafanya kazi, lakini maji yakibaki ndani ya misokoto kutu inarudi kwa kasi. Spiriti inaruka yenyewe. Iweke tu mbali na jiko na sigara.

Nyuzi za waya bapa zinadumu zaidi pwani, maana hazina mifereji ya kuhifadhi uchafu, na sauti yake ya kiza inakaa vizuri kwenye taarab. Kwenye dansi la magitaa mengi mimi hutumia za waya wa duara.

Volyumu zinazokwaruza zinahitaji dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme. Puliza kidogo ndani ya kitufe, zungusha mwanzo hadi mwisho mara nyingi, subiri ikauke. Mafuta ya cherehani usiweke kamwe.

Gitaa lenye betri ya volti 9 lina siri moja: kwa kawaida betri inaanza kuliwa unapochomeka jeki, hata kama hupigi. Chomoa jeki kila mapumziko. Betri ikikaribia kuisha utasikia sauti inapasuka kwenye noti za nguvu tu.

Hatua ya tatu: waya

Waya wa gitaa na waya wa spika vinaweza kufanana kwa nje, na jeki zao ni zilezile. Ndani ni vitu tofauti. Wa gitaa una nyuzi nyembamba katikati na wavu wa shaba unaoizunguka kuzuia kelele. Wa spika una nyaya mbili nene zisizo na wavu. Ukitumia wa gitaa kuunganisha amplifaya na spika, unapata moto na unaweza kuunguza amplifaya. Ukitumia wa spika kwenye gitaa unapata mkoromo. Funga utepe mwekundu kwenye waya wa spika, mchezo umekwisha.

Kupima waya unahitaji multimita ndogo ya kawaida, kifaa cha kupimia umeme ambacho kila mpiga besi angekuwa nacho. Iweke kwenye mlio. Gusa ncha ya jeki ya upande huu na ncha ya upande ule: ilie. Gusa shina na shina: ilie. Gusa ncha na shina la jeki ileile: inyamaze. Rudia huku unautikisa waya karibu na jeki, kwa sababu waya wa jukwaani hukatikia hapo. Mlio ukikatika, fungua jeki, kata sentimita mbili, menya, unga upya kwa risasi. Waya wa mita tano au sita unatosha jukwaa lolote hapa mjini.

Hatua ya nne: umeme

Hatua hii isome mara mbili. Nimeiweka kabla ya amplifaya makusudi.

Umeme wetu ni volti 230. Vifaa vya mtumba vinavyoshuka kutoka Japani vimetengenezwa kwa volti 100, na vya Marekani kwa 120. Geuza amplifaya, soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100V peke yake, usichomeke bila transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo kuzidi wati zinazotajwa kwenye kibandiko. Kikisema 100–240V, uko salama. Baadhi zina swichi ndogo ya kuchagua. Hakikisha iko kwenye 230 kabla ya kuchomeka.

Ukifika ukumbini, kabla hujafungua begi, pima soketi. Kati ya moto na nyutro isome karibu na 230. Mimi nikiona chini ya 200 au zaidi ya 250 sichomeki bila stebilaiza. Kati ya moto na ethi isome karibu sawa na ile ya kwanza. Isiposoma kitu, soketi haina ethi, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mkono wako umeshika nyuzi, na nyuzi zimeunganishwa na ethi ya amplifaya kupitia waya. Ukisogeza midomo kwenye maiki iliyotoka kwenye miksa yenye ethi tofauti, wewe unakuwa waya wa kuunganisha mitambo miwili. Kwa hiyo, kabla mtu yeyote hajaimba akiwa ameshika gitaa, weka multimita kwenye volti za umeme wa kawaida, ncha moja kwenye uzi, nyingine kwenye chuma cha maiki. Isome karibu na sifuri. Ikisoma makumi ya volti, simamisha kila kitu hadi vifaa vyote vya jukwaani vichomekwe kwenye njia moja ya umeme yenye ethi nzima.

Tundu la juu la soketi zetu, lile la pini ndefu, ndilo la ethi. Tabia ya kuingiza peni kwenye tundu hilo ili plagi ya pini mbili ipite imeenea kila ukumbi, na kwa amplifaya ya gitaa ni kucheza na roho ya mtu. Vilevile kukata pini ya ethi ili mkoromo uishe. Mkoromo una dawa yake, nitaitaja kwenye hatua ya sita.

Umeme ukikatika katikati ya shughuli, zima amplifaya na miksa kwanza, ndipo uulize kulikoni. Umeme unaporudi huja na msukumo. Kwa jenereta, iache itulie kwanza, pima, kisha washa miksa, na spika zenye nguvu ziwe za mwisho. Kuzima ni kinyume chake: spika kwanza, miksa mwisho.

Hatua ya tano: amplifaya na spika

Wati zinadanganya. Ukitoka wati 150 kwenda 300 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji wa kawaida anaitambua kwa mbali. Ili sauti isikike kuwa imeongezeka mara mbili unahitaji takriban wati mara kumi. Spika nayo ina kipimo chake, yaani desibeli inazotoa kwa wati moja ukiwa mita moja: spika ya desibeli 100 inalia kwa wati zilezile kama vile umeizidishia nguvu mara mbili ile ya 97. Kwa hiyo angalia spika kwanza, hela inayobaki ndiyo ununulie wati.

Omu nazo, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme, usizipuuze. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa 4. Mbili za omu 4 zinakuwa 2. Amplifaya iliyoandikwa kiwango cha chini omu 4, ukiipa 2, itapata joto, itajizima au itaungua. Ile ya mirija, kama Ampeg SVT ya mwaka 1969 yenye wati 300, ni nzito mno na haitakiwi kuwashwa kamwe bila spika kuunganishwa. Sauti yake naipenda sana. Kwa kazi zetu, ambapo mtu anatoka Makorora kwenda Pongwe kwa bajaji, zile nyepesi za kisasa zenye kilo mbili au tatu ndizo zenye akili, na kwa joto letu ziwekee nafasi ya kupumua nyuma.

Amplifaya usiifikirie kama chombo cha kuujaza ukumbi. Iko pale ili wewe na mpiga drams msikie. Hadhira isikie kupitia mitambo mikubwa.

Mahali pa kuiweka kunabadilisha sauti kuliko vitufe. Wimbi la noti ya E lina urefu wa zaidi ya mita nane, na likigonga kuta na kurudi, sehemu nyingine za ukumbi linajiongeza na nyingine linajifuta, ndiyo maana mtu aliye mbali anaweza kusikia besi nzito wakati wewe uliyesimama jirani na spika huisikii. Inua spika iangalie masikio yako badala ya magoti. Kwenye kona ya ukumbi wa saruji besi inavimba na kupoteza noti. Isogeze mita moja au zaidi mbele. Kwenye jukwaa la mbao lenye uwazi chini, tandika kipande cha raba au godoro chini ya spika, la sivyo jukwaa zima linalia.

Hatua ya sita: kuingia kwenye mitambo

Kifaa ambacho ningemwambia kijana anunue kabla hata ya amplifaya yake mwenyewe ni kisanduku cha DI. Kinachukua sauti dhaifu ya gitaa, kinaigeuza iweze kusafiri mbali hadi kwenye miksa kupitia waya wa maiki bila kubeba kelele. Una njia mbili humo: moja inakwenda kwa fundi mitambo, nyingine kwenye amplifaya yako. Chenye umeme ndani kinaendeshwa na betri au na volti 48 zinazotoka kwenye miksa.

Pembeni kina swichi ya kutenganisha ethi. Hii ndiyo dawa ya mkoromo niliyoiahidi: inakata ethi kwenye waya wa sauti peke yake, huku ya usalama ikibaki mahali pake. Mkoromo ukija, bonyeza. Usipoondoka, gusa nyuzi kwa kiganja. Ukipungua ukigusa, kagua kinga ya ndani ya gitaa na waya wako. Kama una umbo la Jazz, fungua pikapu zote mbili sawa, kwa sababu zikiwa pamoja zinafutiana kelele.

Kisha zungumza na fundi mitambo, na mpe heshima yake. "Shikamoo fundi, naomba njia moja ya besi, nina DI yangu," inafungua milango kuliko kulalamika katikati ya wimbo. Muombe haya. Akupime unapopiga kwa nguvu zako zote, taa nyekundu ikianza kumeta arudi nyuma kidogo. Maiki zote za waimbaji zikatwe chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 hadi 100, maana zinazoa ngurumo ya jukwaani. Kama besi ina matope, apunguze kati ya 200 na 300. Kama noti hazisomeki, aongeze kidogo kati ya 700 na 1,000, na hapo hata aliye mbali anaweza kufuata unachopiga.

Kwenye shughuli za uani chini ya turubai hakuna kuta za kurudisha besi. Kama kuna sabufa mbili, mwombe aziweke pamoja mahali pamoja. Zikitenganishwa kushoto na kulia kuna sehemu uani ambapo besi inajiua yenyewe na nyingine ambapo inazidi.

Mgogoro mkubwa wa taarab ya sasa ni mkono wa kushoto wa kinanda. Mpiga kinanda akipiga besi na wewe ukapiga besi, hakuna kitufe cha kuwatenganisha. Kaa naye mazoezini, mkubaliane wimbo kwa wimbo nani anashika chini. Ninapoachiwa mimi, naomba mkono wake upande oktava moja.

Hatua ya saba: masikio

Desibeli 85 zinavumilika kwa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda salama unakatwa nusu, hivyo kwenye 100 una dakika 15 tu. Shughuli ya taarab inakwenda hadi usiku wa manane. Vaa vizibo vya masikio na usimame mbali na matoazi ya drams. Masikio yakivuma hadi asubuhi, yameshaumia.

Begi la dharura

Waya wa pili wa gitaa, waya wa spika wenye utepe, betri mpya ya volti 9, multimita, ufunguo wa L, kitambaa, tochi, seti ya nyuzi hata kama ni zile zilizofufuliwa kwa spiriti. Ongeza fyuzi: za plagi, na zile ndogo za kioo za amplifaya, zenye namba ileile iliyoandikwa nyuma na herufi T kama imeandikwa. Usiweke kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, usiweke ya pili. Kuna kitu ndani kimekufa. Chomoa amplifaya, toa waya kwenye gitaa uingize kwenye DI, mwombe fundi akurudishie besi kidogo kwenye spika ya jukwaani, na umalizie shughuli hivyo hivyo.